Kanda Iliyokosa Jina la Leokadia

Mwezi uliopita muuguzi alinifuta mkono kwa pamba ya spiriti, na kabla sindano haijaingia nilikuwa nimeshafika Sumbawanga, nyuma ya soko, kwenye kibanda cha Fundi Kasmiri. Watu wa rika langu wataijua harufu hiyo bila kuelezwa. Ni harufu ya pamba iliyozungushiwa njiti ya kiberiti, ikachovywa kwenye chupa ndogo na kupitishwa kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma kanda ndani ya redio kaseti, mpaka itoke na uchafu wa kahawia. Muuguzi akaniuliza, "Mbona umekunja uso, mama? Sijakuchoma bado." Nikamwambia achome tu. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu refu ndilo hili, na ninaliandika nikiwa na hasira ile ile niliyokuwa nayo darasa la nne, kwa sababu sijaona kwa nini niipunguze.

Fundi Kasmiri alitengeneza redio na kurekodi kanda. Hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake tu. Mwenyewe alikuwa mtu wa muziki kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Kila Desemba alikata upande mmoja wa boksi la sabuni, akaandika kwa kalamu nene nyekundu KANDA KUMI BORA ZA MWAKA, KWA MASIKIO YANGU MIMI KASMIRI, kisha akaupigilia mlangoni. Hakuna aliyemtuma. Dansi, taarabu, kwaya, rumba iliyovuka ziwa kutoka Kongo na kupandishwa huku kutoka Kirando pamoja na magunia ya dagaa, vyote aliviweka kwenye orodha moja, na chini ya kila kanda aliandika sababu. "Gita la pili halimkatizi mwimbaji." "Upande wa pili umeuzidi wa kwanza." "Mpiga besi huyu aongezewe chakula." Watu walisimama kwenye tope na miamvuli yao kumpinga: walimu, wauza nyanya, makondakta wa mabasi ya Mbeya. Yeye alisikiliza. Mara chache alichukua kalamu akabadilisha namba, mara nyingi alikataa.

Mama alikuwa anauza maharage sokoni, kwa hiyo nikitoka shule nilimsubiri pale kwa Fundi, nimekaa juu ya kreti la soda. Fundi alinifundisha kusikiliza. "Achana na huyo anayeimba mbele," alikuwa ananiambia. "Mtafute wa nyuma yake. Umempata? Sasa mtafute wa nyuma ya huyo." Na pale ndipo nilipojua kwamba sauti inaweza kufutwa. Siku moja mteja alileta kanda ya harusi ya kaka yake akataka arekodiwe dansi juu yake. Fundi akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kanda ikazunguka, vigelegele vya harusi ile havikusikika tena.

"Vimekwenda wapi?" nikauliza.

"Havikwenda mahali. Vimefutika."

Nililia, na yeye, kunituliza, akanionyesha vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda. Ukivivunja hivyo, alisema, kitufe cha kurekodi hakishuki tena, na kilichomo kinabaki humo.

Nilikuwa na sababu ya kujali sauti za watu. Dada yangu Leokadia, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kigango chetu, kijiji kimoja mbele ya Kasense. Siwezi kuieleza sauti yake ipasavyo. Ilikuwa nyembamba lakini haikuwa dhaifu, na ilipopanda juu haikupiga kelele, ilizidi kutulia. Alikuwa anatunga pia. Bibi yetu alipokuwa anapura ulezi alikuwa anaguna nyimbo mbili zisizo na maneno, na Leokadia akazipa maneno huku akisonga ugali, mwiko ukigonga sufuria kama ngoma. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani na daftari lake akaandika noti, akisema, "Rudia hapo, Leo. Hapo hapo." Mama alimpa kiti kizuri. Nakumbuka nilimpelekea maji ya kunawa na nikamwamkia kwa kupiga goti.

Kiangazi kile kwaya ilikwenda Mbeya kurekodi. Nyimbo nane; tano aliongoza Leokadia, na kati ya hizo mbili zilikuwa zake mwenyewe, wa nne na wa sita. Alirudi sauti imekauka, ana pakiti ya biskuti kwa ajili yangu, akicheka peke yake. Kisha mvua zikakaribia, tukaanza kutifua mashamba, na dada akaacha kwenda mazoezini. Akaacha kwenda sokoni. Akaanza kuvaa sweta la baba hata jua likiwaka. Nilidhani ni malaria.

Jioni moja nilikuwa uani nachambua maharage, mama na baba wako ndani. Mama alisema, "Wamemfuta."

Baba akauliza, "Wote wamekubali?"

"Wote. Na mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa pale. Hakufungua mdomo."

Ukifikiri nilichojua mimi kuhusu kufuta, utaelewa nilichokifanya. Niliona vitufe viwili vikibonyezwa kwa pamoja. Niliona sauti ya dada yangu ikienda mahali ambapo si mahali. Usiku ule sikula, na kesho yake baada ya shule nilikimbia hadi kwa Fundi.

Kanda za kwaya zilikuwa zimefika. Yaani, kwaya ilileta kanda mama na boksi la makaratasi ya jalada, na Fundi ndiye aliyekuwa anazirudufu kwenye kanda tupu. Zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, boksi zima. Fundi aliponiambia nimwangalizie mlango akanywe chai, nilichukua bisibisi yake ndogo, nikashusha boksi sakafuni, nikaanza kuvunja vijino. Kimoja, cha pili, nafungua ganda jingine. Vipande vya plastiki vilinirukia usoni. Kidole kilichubuka nikakifyonza nikaendelea. Fundi aliporudi nilikuwa nimebakiza kanda chache tu.

Alisimama mlangoni na kikombe chake. "Unafanya nini, wewe mtoto?"

"Wanataka kumfuta dada."

"Nani kasema?"

"Mama. Wote wamekubali."

Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliketi sakafuni karibu nami, akachukua kanda moja, akaniambia polepole kwamba kwanza vijino havitoshi, mtu akibandika kipande cha karatasi pale kanda inafutika kama kawaida. Na pili kwamba hakuna anayefuta sauti, kwa sababu bila sauti ya Leokadia kanda ile haipo. "Wamemfuta kwenye orodha ya wanakwaya," akasema. "Na hapa." Akanigeuzia karatasi ya jalada.

Nilijua kusoma, ila sikuwa nimesoma. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko hata jina la kanda, palikuwa na jina la mwalimu wa kwaya: Mtunzi wa Nyimbo Zote. Chini yake, Mwimbaji Mkuu: Anastella. Anastella alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa kwaya. Aliimba sauti ya pili, vizuri tu, sina ugomvi na sauti yake. Kwenye picha walikuwa wamesimama mistari mitatu na sare zao za kijani, na katikati ya mstari wa mbele, pale aliposimama dada yangu siku ya picha, palikuwa na chombo cha maua kilichochorwa juu yake.

"Kwa nini?" nikauliza.

Fundi alikunja karatasi. "Ana mimba. Wanasema jina la msichana mwenye mimba haliwezi kukaa juu ya kanda ya kanisa."

"Mimba ya nani?"

Fundi aliikunjua tena karatasi. Alitazama lile jina kubwa la juu, akatazama pembeni. Nilikuwa mtoto, ila sikuwa mjinga. Nilikumbuka kiti kizuri, na maji ya kunawa, na goti langu.

Nawaomba wasomaji wangu mkae kidogo na jambo hili kama mimi nilivyokaa nalo. Watu wawili walifanya jambo moja. Mmoja akaondolewa kwenye picha, mwingine akaongezewa nyimbo mbili ambazo hakuzitunga. Na waliokaa kwenye kikao wakaamua hivyo walikuwa watu wazima, wenye akili, waliotupa peremende siku za sikukuu, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

Wiki iliyofuata Fundi Kasmiri alipigilia orodha yake. Namba moja ilikuwa kanda ya kwaya yetu, na sababu aliyoandika ilikuwa hii: "Kwa sauti ya Leokadia, ambaye jalada limemsahau."

Mwenyekiti alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu mzima, kofia mkononi, hakupandisha sauti.

"Kasmiri, ondoa hiyo karatasi."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iondoe."

"Hii ni orodha yangu, mzee. Ya masikio yangu. Mnayo yenu, mmeibandika kwenye jalada, sijaja kuibandua."

"Unajua unatetea nini?"

"Natetea wimbo wa nne na wa sita. Wewe unauliza nini kingine?"

Mwenyekiti aliingia, akabeba boksi la kanda, zile zangu zilizovunjwa vijino, akaondoka nalo. Mlangoni akasema hakuna kwaya ya upande wetu itakayoleta kazi pale tena. Na kweli haikuletwa, miaka mingi. Fundi alinitazama. "Umezisaidia kanda zile," akasema. "Sasa hata wakitaka kurekodi mambo mengine juu yake, watahangaika kutafuta karatasi za kuzibia." Kisha akatoa kwenye droo kanda moja aliyoificha, akaiweka juu ya redio.

Nilikimbia nyumbani nikamkuta dada jikoni. Nikamwambia kila kitu, nikidhani atalia au atafurahi. Alikuwa anachekecha unga. Akauliza, "Namba mbili ni nini?"

"Dada, wewe ni namba moja."

"Nimesikia. Nauliza namba mbili."

Nikamwambia ni bendi moja ya dansi ya Mbeya. Akaendelea kuchekecha. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi hata kuisikia kanda yetu. Hawakunipa." Jambo hilo halikuwa limenipitia akilini. Mji mzima ulikuwa umesikia sauti yake isipokuwa yeye. Nyumbani kulikuwa na redio, ila baba alikuwa ameifungia kabatini tangu siku ya kikao, si kwa ukali, kwa aibu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Siku moja kabla ya Krismasi, asubuhi, dada alivua sweta la baba. Akavaa gauni lake la bluu lililombana tumboni, akanishika mkono, tukatembea hadi mjini. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope tupu, na watu wengi walikuwa wanakwenda kununua mchele na soda. Walitusalimia. Wakishapita, wananong'ona. Mimi niliwageukia na kuwakodolea macho mmoja mmoja; dada alitazama mbele.

Fundi alimpa kreti langu. Leokadia akasema, "Shikamoo, Fundi. Naomba kusikia namba moja na namba mbili."

Fundi alisafisha hedi kwa spiriti, taratibu, kama anajiandaa kwa misa. Akaweka kanda ya kwaya. Dada alisikiliza nyimbo zote nane akiwa amefumba macho, mikono juu ya tumbo. Wimbo wa nne ulipoanza, mguno wa bibi wakati wa kupura ulezi ukajaa kibandani kwa sauti yake mwenyewe, na wateja wawili waliokuwa mlangoni wakasogea karibu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akataka kanda ya dansi. Akaisikiliza yote pia. Halafu akataka na namba tatu.

Ilipokwisha alifungua macho. "Fundi, umenipendelea."

"Nimependelea nini?"

"Sisi tumeharakisha wimbo wa sita. Mpiga kinanda alikuwa na wasiwasi, nasi tukamfuata. Sauti ya tatu haisikiki upande wote wa pili. Hawa wa dansi hakuna wanapokosea. Na hii ya tatu, ya yule mama wa taarabu, sikiliza anavyoacha nafasi. Sisi ni watatu. Pengine wanne."

Niliona dunia imepinda. Nilikuwa nimechubuka kidole kwa ajili yake, Fundi amekosa wateja kwa ajili yake, na yeye anajishusha. Nilimwambia, "Dada, acha."

Hakuniacha niendelee. "Naomba uniweke namba tatu," alimwambia Fundi, "na uandike jina langu kama mwimbaji. Usiandike kwamba wamenisahau. Hawajanisahau. Na wimbo wa nne na wa sita andika mtunzi ni Leokadia."

Fundi alisimama. Akachukua kalamu nyekundu, akatoka nje, akakata, akaandika upya. Watu walikuwa wamesimama wakisoma. Na katikati yao, kwa mwavuli mweusi, alikuwa mwalimu wa kwaya, amekuja kununua betri za kinanda kwa ajili ya misa ya Krismasi.

Leokadia alitoka akasimama mlangoni. "Habari za leo, mwalimu."

"Nzuri," akasema. Macho yake yalikwenda kwenye tumbo, yakaondoka.

"Soma pale, namba tatu. Kama kuna kosa, mwambie Fundi arekebishe."

Alisoma. Niliona midomo yake ikitembea. Watu wote walimngoja, hata muuza nyanya aliacha kupanga mafungu. Angeweza kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa dogo. Akamwambia Fundi, "Nipe betri nne." Akazipokea, akaondoka.

Nitasema hapa yaliyofuata, nisije nikaonekana naficha. Mtoto alizaliwa masika, msichana, na sasa ni mwanamke mwenye duka lake la vitambaa Chala. Mwalimu alifundisha kwaya ile miaka sita mingine, kisha akahamia kwingine, akaagwa kwa mbuzi na hotuba. Leokadia aliolewa na mfugaji aliyehamia bondeni kutoka upande wa Shinyanga, mtu mpole ambaye hakuwahi kumuuliza lolote kuhusu mambo yale. Kwaya haikumwita tena, naye hakuomba. Fundi Kasmiri ametangulia, na kibanda chake sasa kinauza vifuniko vya simu. Kanda ile ingali hai. Watu wanaitumiana kwenye simu kila Desemba, wanaiita albamu bora kuwahi kutoka kwetu, na kila inapofika kwangu imeandikwa mwalimu na Anastella. Mimi hujibu kila mara kwa jina moja. Wengine wameniondoa kwenye makundi yao. Sawa.

Lakini siku ile haikuishia kibandani kwa Fundi. Tulirudi kwa miguu, nami nilikuwa nimenuna, nikitembea hatua tano mbele yake. Nilimuuliza bila kugeuka kwa nini ameomba kushushwa. Akasema, "Kwa sababu namba tatu ni kweli. Wakinipa ya uongo, hata jina litaonekana la uongo."

Sikuridhika. Wala leo sijaridhika sana. Ningemwacha namba moja na ningeandika kwa herufi kubwa kuliko zote.

Tulipofika kwenye kanisa la kigango tulisikia kwaya ikifanya mazoezi ya mwisho. Walikuwa wanaimba wimbo wa sita, tena mbio mbio, wakikimbizana na kinanda. Dada alisimama barabarani. Alisikiliza ubeti mzima, akitikisa kichwa. Kisha akaanza kuimba naye, pale pale kwenye tope, kwa mwendo ule wimbo ulivyotakiwa kwenda, wa mtu anayepura ulezi bila haraka kwa sababu ulezi ni mwingi na siku ni ndefu. Mwanzoni sauti ziligongana. Halafu ndani wakaanza kupotea, mmoja mmoja, wakanyamaza, kinanda nacho kikanyamaza, ikabaki yake peke yake.

Madirisha ya kanisa lile yalikuwa ya mbao, matatu upande wa barabara. Nilimwona mwenyekiti akija kwenye la kwanza akalifunga. Akafunga la pili. Kwenye la tatu alikuwa amesimama Anastella, amekumbatia kitabu chake cha nyimbo, na mwenyekiti ilibidi amsogeze kwa bega ndipo alifunge. Tulisikia komeo likishuka.

Watu waliokuwa wanatoka mjini walikuwa wamesimama nyuma yetu na mizigo yao. Mvua ilianza tena kudondoka, matone makubwa, gauni la bluu likaanza kuingia madoa. Nilimshika mkono. Nikamwambia twende, dada, wamefunga.

"Bado ubeti mmoja," akasema, na akauimba.